Shanga za Mtungini

Tarehe 9 Februari

Mke wangu mdogo,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa kadiri, yaani nakula, natembea, na nikiulizwa jina langu nalikumbuka. Najua utaniuliza tena kwa nini sitaki simu. Simu na sikio langu hawaelewani. Barua hainipigii kelele, na ukinitukana humo nakusoma taratibu huku nakunywa chai.

Nakuandikia kwa jambo la kazi yako. Ndani ya kiberiti nilichokifunga kwa uzi kuna shanga. Usihangaike kutafuta tundu, hazina; si za kuvaa. Ni punje za kijivu zenye mng'ao kidogo, na jirani wa ghorofani anasema ni madini ya magnesiamu. Unaziweka ndani ya mtungi, maji yanapata nguvu, unakunywa, mwili unalegea, unalala.

Unamjua jirani. Tangu aache ushonaji anauza hizi dawa mbadala, na kila anachokiuza anakitumia yeye kwanza, kwa hiyo siwezi kusema ni tapeli. Alianza na bangili ya sumaku ya kuondoa maumivu ya viungo. Fundi saa mzima nikaivaa, tena kazini. Kila saa ya mkono niliyoishika ikaanza kukimbia. Mwalimu mmoja alifika shuleni kabla hata mlinzi hajaamka, akarudi hapa kunifokea mbele ya wateja. Baadaye jirani akaniletea viraka vya kubandika nyayoni unapolala. Asubuhi vinakuwa vyeusi, naye anasema huo ni uchafu uliotoka mwilini. Vyangu vilikuwa vyeusi kuliko vyake, nikaringa wiki nzima.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, usinikumbushe. Lakini usingizi sina, bibie. Tangu bibi yako atutoke nalala macho wazi nikizisikiliza saa zote za karakana zikigombana. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Kila mtu amemwota isipokuwa mimi. Mama yako alimwota anaanika nguo. Jirani alimwota amevaa gauni la kijani. Hata muuza magazeti, ambaye hakuwahi kupata kwake zaidi ya salamu fupi, naye amemwota. Mimi niliyezeeka naye hajanijia hata mara moja. Asiyelala ataotaje? Ndicho ninachokitafuta ndani ya hizo shanga, si kingine.

Hospitalini nilikwenda kwa sababu miguu ilikuwa inavimba. Daktari, kijana mwenye kalamu nyingi mfukoni, akaniambia figo zangu zimechoka. Nikamwambia na zenyewe ni wazee, aziache zipumzike. Hakucheka.

Zipime shanga, uniambie ukweli hata kama ni mchungu.

Mumeo asiye na meno,
Babu


Tarehe 21 Februari

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Kiberiti kimefika salama, ila mwenzangu wa maabara alidhani nimetumiwa posa.

Nimezipima kama ninavyopima maji ya mto na ya matangi. Nilifanya hivyo jioni wenzangu walipoondoka, saa ile ambayo jua linapita katikati ya chupa zilizopangwa dirishani na ukuta mzima unatetemeka kwa mwanga. Ni saa ninayoipenda. Hukai muda mrefu humo kabla hujajisahau kama uko juu ya maji au chini yake.

Nilizitia shanga kwenye maji safi, nikaziacha mpaka kesho yake, nikapima, nikarudia. Kilichotoka ni kidogo mno. Maji yetu ya bomba yenyewe yana madini zaidi. Shanga zako zimelala, Babu. Zinajifunika utando mweupe mwembamba kama mtu aliyejivutia shuka, basi, hazina habari na mtu. Jirani anakuuzia usingizi wa shanga, si wako.

Kile kiraka cha nyayo nacho nimekipima, maana kuna mtu hapa anavitumia. Nilikidondoshea maji tu, hakijagusa mguu wa mtu yeyote, kikawa cheusi tii. Kingekuwa cheusi hata ukikibandika kwenye kikombe. Samahani kwa ile wiki uliyoringa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: faida ya kutajwa sijaiona, madhara pia sijayaona. Ukitaka kunywa, kunywa, angalau utakuwa umekunywa maji. Na figo zako ziache zipumzike kama ulivyomwambia daktari. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia mlangoni.

Kuhusu mke mwenzangu mkubwa, usimlaumu. Unajua hakuwahi kwenda mahali anapoitwa kwa haraka. Atakuja.

Mkeo mdogo,
mpima maji


Tarehe 12 Machi

Mke wangu mdogo,

Amekuja.

Ngoja nianzie mwanzo maana kalamu inataka kukimbia. Uliniandikia kwamba shanga zimelala. Wewe ni msomi, ukikuta kitu kimelala unaandika kimelala na kuosha mikono. Mimi ni fundi. Kitu kikiniambia kimelala nakiamsha. Nimeziamsha, na njia niliyotumia ni siri ya karakana, sikwambii. Sasa zinaimba. Nikiinamia mtungi kwa sikio langu zima nasikia mchwiii mdogo, na vipovu vinapanda juu vimeshikana mikono. Jirani alipoviona alikaa kitini bila kukaribishwa. Anasema zake hazijawahi kuimba.

Nakunywa glasi moja asubuhi na nyingine baada ya chakula cha mchana. Tumbo limekuwa jepesi mno, nisikufiche, lakini usingizi umekuja. Hauji ukiniangusha. Unakuja kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Juzi mchana nililala kwenye kiti changu cha kazi. Karakana ilikuwa ile ile, isipokuwa mwanga ulikuwa wa asali, umejaa mpaka kwenye droo. Bibi yako alikuwa upande wa pili wa meza, anapanga skrubu kwenye kifuniko cha kopo, kubwa huku, ndogo kule, kama alivyozoea. Hakuinua macho. Nilipoamka kulikuwa na mteja amesimama, anasema ameniita mpaka amechoka, nikamwambia rudi kesho, leo nina mgeni.

Hakusema neno, lakini alikuja. Mwambie mama yako. Na muuza magazeti nimemwambia mwenyewe.

Mumeo,
fundi wa shanga


Tarehe 24 Machi

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa, halafu nikampigia mama simu nikamsomea. Tulilia wote wawili, tukacheka, tukalia tena. Ule mwanga wa asali umekaa nami kazini siku kadhaa, nikiinua chupa ya maji mbele ya dirisha nautafuta.

Nikwambie ninavyoona mimi. Shanga ni zile zile nilizozipima, na nilichokipata najua. Nadhani wewe ndiye uliyeamka, yaani uliyelala. Umeamini, moyo ukatulia, na aliyekuwa anangoja mlangoni akaingia. Dawa nyingi za aina hii hufanya kazi hivyo, zinampa mtu ruhusa. Sina ugomvi na ruhusa. Wala sitakwambia uache kitu kinachokuletea mke mwenzangu, bora kisikudhuru.

Ila hiyo siri ya karakana inaniwasha. Umefanyaje mpaka zikaimba? Katika maabara yangu zilikaa kimya kama wakwe. Niandikie, nami sitamwambia mtu.

Ukimwona tena mwambie mjukuu wake bado anavaa ile sweta aliyoifuma, yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Mkeo mdogo,
mpima maji


Tarehe 9 Aprili

Mke wangu,

Leo naandika polepole, mwandiko utauvumilia. Mkono umekuwa laini. Kibano kinaniponyoka, skrubu zinaanguka na mimi siziinamii, zilale zilipo. Karakana nzima imelala. Nilikuwa natia ufunguo saa zote za ukutani kila jioni, unakumbuka, siku hizi naiangalia moja inasimama, nasema sawa mama, pumzika, kesho yake inasimama nyingine. Ile kubwa ya mlangoni ndiyo ya mwisho iliyobaki. Sijui kama bado inatembea, sijaisikia leo.

Kimya ni kizuri, sikujua. Miaka yote niliishi ndani ya kelele nikaiita kazi.

Uso wangu una joto la kupendeza kama nimekaa mbele ya jiko. Chakula sikitamani. Moyo umekuwa wa kistaarabu, unagonga, unafikiri kwanza, unagonga. Ngazi za kwenda uani zimeongezeka, au ndiyo mimi. Jirani anasema hayo ni maradhi yanatoka. Ameniletea mfuko mwingine kwa sababu shanga zinapungua. Zilikuwa punje za mtama, sasa ni za ufuta, nyingine zimekwisha kabisa. Nadhani zimo ndani yangu. Nahisi kama nazibeba.

Bibi yako anakuja kila nikifumba macho. Ameacha skrubu. Amesogeza kigoda upande wangu wa meza. Sweta nilimwambia, akatabasamu, lakini neno bado. Jana alifungua mdomo. Nilikuwa naona kabisa anataka kusema, ndipo jirani akanitikisa bega. Nilimkasirikia sana. Nimemwambia asinitikise tena, nikilala aniache mpaka niamke mwenyewe.

Siri nakupa, maana wewe si mtu wa nje. Ni limau. Gurudumu la shaba likishikwa na uchafu hulisugui, unalilaza usiku kucha ndani ya maji ya limau, asubuhi linang'aa na kuzunguka. Baba yangu alinifundisha hivyo. Basi na shanga nimezilaza vivyo hivyo, ndani ya mtungi, limau zito, nakunywa maji yake. Zilikuwa zimechakaa tu, kama mimi.

Mwanga unaingia tena. Nitaimalizia baadaye.

Babu


Tarehe 16 Aprili, ndani ya basi

Babu yangu,

Shikamoo. Barua hii utaisoma baadaye, ukiwa na nguvu za kunikaripia. Naiandika ili mikono yangu ipate kazi, maana njia ni ndefu na siwezi kulisukuma basi.

Barua yako ilinifika leo asubuhi. Niliisoma nikijiambia ni ndoto nzuri, mpaka nilipofika pale uliposema shanga zinapungua. Kitu kisichotoa chochote hakipungui. Nikaenda moja kwa moja maabara, kulikuwa na shanga zako mbili zimebaki ndani ya kiberiti. Nikakamua limau. Zikaimba, Babu. Ni mlio ule ule, mchwiii, na vipovu vyako vilivyoshikana mikono. Kwa muda kidogo niliviangalia nikaviona vinapendeza, kisha nikapima maji yale, nikakuta yamejaa madini.

Mimi nilizipima kama maelekezo yanavyosema, kwa maji matupu. Sikujiuliza zitakwenda kukaa kwenye mtungi wa nani. Ni wewe pekee duniani ambaye ukiambiwa kitu kimelala utakilaza kwenye limau, na mimi ndiye niliyekuambia. Limau limeziyeyusha, na madini yote umeyanywa. Mtu mwenye figo nzima huyatoa kwa mkojo. Zako zimechoka. Daktari alikwambia, wewe ukaniambia, na mimi nikacheka. Hayo madini yanakaa ndani na kujaa. Yanalegeza mikono, yanapasha uso joto, yanaleta usingizi, yanafundisha moyo kusita. Mwishoni moyo unasahau kabisa. Ule ustaarabu wake si ustaarabu.

Nimempigia jirani simu. Mwanzoni alikataa kukuamsha, akasema umemkataza na yeye alikuahidi. Nilimpigia kelele mtu mzima, nitamwomba radhi nikifika. Nikamwambia amwage mtungi, akutikise hata ukimtukana, akupeleke hospitali na awatajie shanga, limau na figo, vyote vitatu. Alianza kulia. Kisha nikasikia viatu vyake kwenye ngazi, halafu simu ikakatika. Tangu hapo haipatikani.

Najua ninachokuondolea. Usidhani sijui. Alikuwa amesogeza kigoda.

Nakuomba, ukimwona sasa hivi, usimfuate. Mwambie nimesema mimi, mke mwenza mdogo, kwamba zamu yangu haijaisha.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Juni

Mke wangu mdogo,

Salamu. Naandika nikiwa mezani kwangu, mwandiko unauona mwenyewe, umerudi kazini. Barua yako ya basi nilikuwa nayo chini ya mto tangu uliponiachia, lakini sikuifungua mpaka juzi. Nilikuwa nimekununia. Utakumbuka pale wodini ulivyokuwa unanilisha uji nami nimegeukia ukuta, mama yako anasema dawa zimemchosha. Hazikunichosha. Nilikuwa mtu aliyenyang'anywa mke, na mnyang'anyi ndiye aliyeshika kijiko.

Sasa nikwambie ambalo sikukuandikia. Nilijua. Sikujua mambo ya figo wala madini, hayo ni yako. Lakini fundi hashindwi kutambua saa inayochelewa. Nilikuwa najishika kifundo cha mkono kila asubuhi kama nilivyofanya maisha yangu yote kupima saa ya mteja, na nilisikia kamani inalegea, ile springi ya ndani inayosukuma yote. Nilisikia vizuri kabisa. Nikaona kama ndiyo nauli ya kufika alipo, nikailipa kidogokidogo, nikakufanyia wewe mizaha ya jiko na ngazi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilijificha nyuma ya limau.

Uliniuliza wodini kama niliota chochote siku ile, nikakujibu hapana. Nilikuongopea. Jirani na dereva wa teksi waliponibeba kuniingiza garini, nilikuwa karakana, mwanga ni ule ule. Bibi yako amekaa karibu kabisa, goti lake limegusa langu. Akafungua mdomo. Nilikuwa nimengoja neno hilo wiki nyingi, bibie. Nilikuwa nimeandaa majibu. Nilidhani ataniambia njoo. Nilidhani pengine atanisifu kwa kuvumilia.

Akaniuliza, "Umetia saa ufunguo?"

Swali lake la kila jioni, la kero ile ile. Nilikuwa namjibu bila kuinua kichwa, "Nimetia, mama," hata kabla sijatia, kisha naondoka kwenda kutia. Siku hiyo niliinua kichwa nikaangalia ukuta. Zote zimesimama, kila moja na saa yake ya uongo. Nikaona aibu mpaka nikaamka, na juu yangu alikuwepo yule kijana mwenye kalamu nyingi, ananipiga mashavu.

Jirani ameacha shanga. Alinijia na mfuko mzima akaumwaga mbele yangu kwenye pipa, macho yamemvimba, nikamwambia asijisumbue kulia, yeye ndiye aliyekiuka ahadi yake akanitikisa. Viraka vya nyayo bado anaviuza, anasema vyake ni aina nyingine. Limau ananiletea la chai tu, tena analikamua yeye mwenyewe huku ananiangalia.

Sioti tena. Usingizi wangu ni mwembamba, unakatika kwa paka akipita. Daktari anasema nitauzoea. Nimemkosa sana bibi yako wiki hizi, kuliko ile miezi ambayo hakuja kabisa, na sitakudanganya kwamba shukrani imeshinda hasira kila siku. Siku nyingine haijashinda.

Lakini jioni nachukua funguo, naanza na ile kubwa ya mlangoni, nazunguka ukuta wote. Zinaanza kugombana kama zamani. Nikimaliza nasimama katikati ya karakana, mzee mzima, nasema kwa sauti nisikie kwa sikio langu zima: nimetia, mama.

Mumeo,
Babu